Bunduki za kale za mitutu miwili

Bunduki za kale za mitutu miwili ni silaha za marisau za karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zinazokusanywa leo kwa uzuri wa ufundi wake. Nyingi zilitoka Birmingham, Uingereza; Liège, Ubelgiji; na Meriden, Marekani, kwa kampuni ya Parker Brothers. Mitutu ya Damascus ilifuliwa kwa kusokota pamoja pau za chuma na feleji. Kutu iliyolelewa taratibu ikafichua michirizi kama ya ukili. Mwili wa bunduki ulifukiwa katika mkaa wa mifupa, ukapashwa moto hadi ukawa mwekundu, kisha ukatoswa majini, ukaibuka na mawingu ya buluu, kahawia na kijivu. Rangi hiyo ya asili, hata ikififia, huthaminiwa kuliko ya kurudishiwa. Ikishasuguliwa, haipatikani tena.