Biti za Akiba na Utumaji wa Nyongeza

Mtu wa Buswelu akiona video imeganda kwenye simu husema “mtandao unasumbua”, kisha anasogea kidogo, na mara nyingi inaendelea. Hatua hiyo fupi ina sayansi ndani yake. Mawimbi ya mnara hayafiki kwenye simu kwa njia moja. Mengine yamegonga majabali ya vilima vya Ilemela, mengine mabati ya nyumba, na ukishuka kuelekea Igombe mengine yameakisiwa na uso wa ziwa. Yanafika yakiwa yamepishana kidogo. Yakikutana, hujumlishana au hufutana. Katika masafa ya megahezi 1800, yanayotumiwa sana na 4G, wimbi lina urefu wa takriban sentimita 17, kwa hiyo hata shubiri moja yaweza kutenganisha mahali pazuri na pabaya.

Mawimbi hayo hubeba biti, na zinazoumia njiani zina tiba mbili za zamani. Ya kwanza ni mtumaji kuongeza biti nyingine kabla ya kutuma, ili mpokeaji agundue kosa na kulisahihisha mwenyewe. Richard Hamming wa maabara za Bell alichapisha mbinu maarufu ya namna hiyo mwaka 1950. Wapo wanaoiita “usahihishaji wa mbele”, jina linalomwacha msomaji akijiuliza mbele ya nini. Mimi naona “usahihishaji tangulizi” unaeleweka zaidi, kwa kuwa kinga imetangulia kosa.

Na biti zenyewe zilizoongezwa? Neno linalokuja haraka ni “ziada”, nami silipendi hapa, maana ziada ni kitu unachoweza kukipunguza bila hasara. Tazama sentensi hii: “Vitabu vyangu vile viwili vimepotea.” Ngeli na wingi vimetajwa mara tano. Ukiisikia ndani ya daladala yenye muziki mkubwa, silabi moja au mbili zikamezwa na kelele, bado utajua vilivyopotea ni vitabu na ni zaidi ya kimoja. Upatanisho wa kisarufi, unaowatesa wageni wanaojifunza Kiswahili, unafanya kazi ileile ya msimbo wa Hamming. Claude Shannon, aliyeweka msingi wa nadharia ya habari mwaka 1948, alikadiria kwamba karibu nusu ya maandishi ya Kiingereza ni ya namna hii; sijui ngeli zetu zingemfikisha wapi. Kwa hiyo nasema “biti za akiba”: huzihitaji hadi siku ya dhiki.

Tiba ya pili ni kuomba tena. Mpokeaji anakagua kipande cha data; kikiwa kibovu anakitupa na kudai kingine. Hapo “utumaji upya” ni jina halali kabisa.

Ugumu wa istilahi unaanza pale wahandisi walipoziunganisha tiba hizo mbili katika mbinu inayoitwa kwa herufi HARQ (hybrid automatic repeat request). Wengi huitafsiri kwa kutaja “mseto” na “kurudia”, na hilo la kurudia ndilo linalopotosha. Kwenye 4G, kila biti ya ujumbe huzalisha tatu kwa misimbo ya turbo, iliyotangazwa na Claude Berrou na wenzake mwaka 1993. Mnara hauzitumi zote. Unatuma sehemu tu, pamoja na biti 24 za ukaguzi, na nyingine unazihifadhi. Simu ikishindwa kukisoma kipande, haikitupi: inakiweka na kujibu kwamba bado. Mnara hapo unaweza kutuma biti za akiba ambazo simu haijaziona, nayo simu inaziunganisha na zile mbovu ilizokwisha kuzipata, kisha inajaribu tena. Nusu mbili zilizoharibika zinaweza kutoa ujumbe mmoja mzima. Je, hapo kimerudiwa nini? Ndiyo maana napendekeza “utumaji wa nyongeza”.

Kwa kawaida nyongeza huja milisekunde 8 hivi baada ya kipande cha kwanza, na mnara haukai bure ukisubiri: hushughulikia hadi vipande 8 kwa zamu. La kushangaza ni kwamba mitandao mara nyingi hupangwa ili takriban kipande kimoja kati ya kumi kishindwe mara ya kwanza. Kutuma akiba yote kila mara, hata kwa simu iliyo chini kabisa ya mnara, kungekula nafasi ya hewani ambayo wengine wanaihitaji. 5G imebadilisha msimbo wa data na kuchukua ule ambao Robert Gallager aliubuni miaka ya 1960, ukakaa karibu umesahaulika kwa miongo mitatu. Mpango wa nyongeza umebaki.

Juu ya tabaka hili la simu na mnara lipo jingine, la TCP, ambako seva iliyo mbali hutuma pakiti nzima tena isipopata jibu. Huko neno “utumaji upya” libaki. Kuyatenganisha majina haya kuna faida kwa fundi anayetafuta chanzo cha kasi ndogo. Tangu kazi ya Van Jacobson ya 1988, kanuni nyingi za TCP huchukulia pakiti iliyopotea kuwa dalili ya msongamano, na hupunguza mwendo. Kwa mtu aliye nyuma ya jabali njia haina msongamano wowote. Nyongeza zikishindwa kuokoa kipande, pakiti yaweza kupotea, na seva ikapunguza kasi kwa sababu isiyokuwepo.