Kabla ya Mkanda Kulikuwa na Katani

Kamba ya katani ina vinyweleo. Ukiivuta kwa kasi inakuchubua kiganja, lakini ukiipiga fundo, vinyweleo vile hushikana, na hata fundo la mtoto linakaa. Baba yangu alifanya kazi chumba cha brashi, zinakosuguliwa nyuzi, kwenye shamba la mkonge Muheza, na mafundo aliyonifundisha ni mawili tu. Hatukuhitaji la tatu.

Vijana ninaowapeleka msituni Amani huja na machela za kulalia zinazoenea mfukoni mwa koti, na hawaishi kubishana kuhusu mikanda ya kuzitundikia. Huwaambia ubishi wao ni wa zamani, tena umepita Tanga.

Machela ya kulalia ni kitanda cha kuning'inia cha wenyeji wa Karibi na Amerika. Columbus aliiona Bahama mwaka 1492. Karne iliyofuata haijaisha, jeshi la maji la Uingereza likawa linawalaza mabaharia humo, baadaye likimgawia kila mmoja nafasi ya inchi 14. Yucatán, huko Meksiko, machela zilisukwa pia kwa nyuzi za jamii ya mkonge. Mmea wenyewe ulitufikia mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida. Mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai Tanga ni 62.

Miche hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba, korona, yaani mitambo ya kuchakata mkonge, zenye harufu ya majani yaliyosagwa, na manamba, vibarua wa mkataba waliotoka mbali na kipande, kadi yao ya kazi, mkononi. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Nyingi zilikwenda ng'ambo kufungia nyasi na mavuno, wala si kutundikia vitanda.

Kilichotuangusha, pamoja na mengine ya kwetu wenyewe, ni plastiki. Nailoni ilipatikana Marekani mwaka 1935, kisha zikaja kamba za polipropilini: rahisi, nyepesi, hazinywi unyevu. Mimi nailoni siitaki kwenye machela. Inavutika; unalala juu, unaamka mgongo umegusa siafu. Poliesta inatulia. Baadaye Waholanzi wakatoa Dyneema, uzi mwepesi kuliko maji na wenye nguvu kupita waya wa chuma wa uzito uleule. Ila unateleza kama mlenda, na fundo huupunguzia nguvu vibaya. Ndiyo maana wajuzi hawaupigi fundo: kamba hupenyezwa ndani ya tumbo lake yenyewe, na uzito ukija, tumbo linabana.

Lakini kwenye mti, uzi mwembamba hukata gome. Hapo nadai mkanda wa poliesta wa sentimita 2.5 au zaidi, uteremke kwa nyuzi 30 hivi. Kwa mteremko huo mtu wa kilo 70 anavuta kila upande kwa kilo 70. Kijana akiukaza hadi nyuzi 10, kila upande unabeba kama kilo 200, na analaumu mkanda!

Kuufunga hakuna siri. Ncha inapita kwenye kitanzi cha machela, inazunguka shingo ya kitanzi hicho, inarudi kulaliwa na mkanda wenyewe. Mkanda uliobapa hujikandamiza, kazi iliyokuwa ya vinyweleo. Mwisho naacha kikunjo, ili asubuhi nikivute mara moja tu.