Mjumbe na Balozi katika Mkutano wa Nyumba Kumi

Kuanzia mwaka 1963 chama cha TANU, kilichoasisiwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, kilijipanga kwa nyumba kumi kumi. Wanachama wa nyumba hizo walikutana wakamchagua mmoja wao kuwa kiongozi. Watu walimpa majina mawili: mjumbe na balozi.

Majina haya hayana maana moja. Mjumbe hupeleka maneno ya waliomtuma. Balozi, katika Unguja ya karne ya 19, alikuwa wakili wa dola ya kigeni mbele ya Sultani; alikaa kati ya watu wasiomtuma.

Kazi yenyewe ilikuwa na pande zote mbili. Mwanachama aliyehudhuria mkutano aliweza kueleza shida ya maji au ugomvi wa mipaka ya mashamba, na neno lake likapanda tawini hata wilayani. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 mikutano mikuu ya wilaya ndiyo iliyoanza kuwapigia kura waliotaka ubunge, kabla ya Halmashauri Kuu kuteua wagombea wawili. Lakini kwa njia ile ile maagizo ya serikali yalishuka, na kiongozi alitazamiwa kumjua kila mgeni aliyelala katika nyumba zake.

TANU iliungana na Afro-Shirazi mwaka 1977 ikazaliwa CCM, na vyama vingi vikaruhusiwa tena mwaka 1992. Kiongozi wa shina la CCM bado huitwa balozi, ingawa huchaguliwa na jirani zake, kama mjumbe.