Presha Ilitoka Wapi?

Leo presha imezoeleka Busia na Tororo. Je, wazee wetu waliijua?

Mwaka 1929 Dkt. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, Kenya, aliandika kwamba katika wagonjwa wapatao 1,800 aliowalaza kwa miaka miwili hakumkuta hata mmoja mwenye presha.

Mwaka 1990 ukatangazwa utafiti juu ya Waluo, ndugu wa Wajapadhola wa Tororo, waliotoka vijijini kando ya ziwa na kuhamia Nairobi. Muda mfupi tu baada ya kuhama, presha yao ilikuwa juu kuliko ya waliobaki nyumbani. Chumvi katika chakula iliongezeka, na uzito pia. Damu ni ile ile. Kilichobadilika ni maisha.

Siku hizi mji umetufuata. Boda boda ilianzia hapa Busia, baiskeli ya kuvusha watu mpaka. Leo ni pikipiki: hata mwendeshaji hatoki jasho, na abiria amesahau kutembea. Wimbi na kunde zimepisha chipsi na soda.

Wazazi, mwili ni amana. Tupunguze chumvi chunguni, watoto waende madrasa kwa miguu, na tupimwe presha kabla ya kuugua.