Buibui-bahari Mnyonya Anemoni
Pycnogonum litorale

Mnyama huyu mwenye rangi ya udongo huishi kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, kuanzia miamba inayobaki wazi maji yanapokupwa hadi kwenye kina kirefu. Hans Strøm wa Norwe alimwelezea kisayansi mwaka 1762.

Licha ya jina, ni jamaa wa mbali tu wa buibui wa nchi kavu. Kiwiliwili chake ni kidogo mno hata utumbo umetoa matawi yanayoingia ndani ya miguu yote minane. Hana mapafu wala matamvua. Oksijeni humpenya kupitia ngozi yake ngumu.

Tazama mrija ulio mbele, chini ya kinundu chenye macho manne. Huuchomeka kwenye mwili wa anemoni wa baharini na kumfyonza majimaji taratibu, huku akijishikilia kwa kucha zake asisombwe na mawimbi.

Malezi ni kazi ya baba. Jike hutaga, dume huyapokea mayai na kuyabeba chini ya tumbo kwa vijiguu maalumu hadi yaanguliwe. Jike hana vijiguu hivyo. Ndivyo unavyoweza kuwatofautisha.

Cha ajabu zaidi kilitangazwa mwaka 2023: wachanga waliokatwa sehemu ya nyuma ya mwili waliweza kuiotesha tena, pamoja na miguu, misuli na mwisho wa utumbo.

Ukimkuta ufukweni chini ya jiwe, mwangalie, kisha lirudishe jiwe kama lilivyokuwa.