Liru, Wati na Mvua ya Vurra

Watu wakisikia West Nile wanafikiria kambi tu: turubai, foleni ya chakula, tanki la maji. Hata sisi tunaoishi huku tunaongea hivyo. Lakini panda taksi ya Koboko pale Arua, kaa dirishani. Maracha iko katikati ya njia, na huko kuna maporomoko ya Miriadua, maji yanashuka juu ya mawe kwa kelele mpaka mnaongea kwa mikono. Ukisogea Koboko kuna Mlima Liru. Upande wa Terego, wilaya ileile yenye kambi ya Imvepi, kuna Mlima Wati.

Mimi nafanya kazi na vijana, na tumekuwa tukitembelea sehemu hizi kikundi kizima. Picha tumepiga nyingi, si unajua vijana. Ila kila safari kuna swali linarudi: hii milima ni ya nani?

Swali hilo halitoki hewani. Kuni ni taabu huku, kwa mkimbizi na kwa mwenyeji. Msichana mmoja wa kikundi chetu alinyang'anywa panga na mzigo wake wa kuni mlimani, akaambiwa arudi kwao. Tangu siku hiyo hakutaka kupanda kilima chochote.

Basi nikaanza kuuliza wazee, na kusoma nilichopata.

Walugbara wanasimulia mashujaa wawili, Jaki na Dribidu. Jaki anahesabiwa na Liru, Dribidu na Wati, na koo nyingi zinajitaja kuwa uzao wao. Mtaalamu Mwingereza, John Middleton, aliyekaa na Walugbara kuanzia 1949, aliyaandika masimulizi hayo. Dribidu maana yake mtu mwenye manyoya mwilini. Na kumbe huyu Dribidu alifukuzwa! Kwao ilikuwa ng'ambo ya mto Nile, mashariki, akavuka kuja huku. Mashujaa hao hawakuwa hata na moto wa kupikia nyama. Waliopewa moto na wanawake wenye ukoma, watu ambao wengine wanawakwepa, ni hao mashujaa. Niliposimulia hivi, vijana walicheka kwanza, halafu wakanyamaza. Ule mlima unaolindwa na panga, wa kwanza kuhesabiwa nao alikuwa mtu aliyefukuzwa kwao.

Sasa mpaka. Mimi kwetu ni Aru, Kongo, na bibi yangu aliongea Kilugbara kama mama wauza mihogo wa Arua. Nani alitutenga? Mwaka 1894 Waingereza walimkodishia mfalme Leopold II wa Ubelgiji eneo la Lado, muda wa uhai wake. Alikufa Desemba 1909. Mwaka 1910 eneo likapelekwa Sudan, na 1914 sehemu ya kusini, yaani huku, ikaingizwa Uganda, Arua ikawa makao ya wilaya. Mtu aliyezaliwa kijiji kimoja, bila kuhamisha hata chungu, alitawaliwa na serikali tatu ndani ya miaka mitano.

Mpaka wenyewe walifuata mgongo wa vilima unaogawa maji. Ukisimama Vurra, mvua ya upande huu inateremka kwenda Nile, mpaka Misri. Ya upande ule inakwenda Kibali, kisha Uele, Ubangi, mto Kongo, mpaka bahari ya Atlantiki. Wingu ni moja. Walioweka alama kwenye ramani hawakuuliza nani ameoa kwa nani.

Na wenyeji nao walivuka huo mgongo wakikimbia. Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Koboko, alipopinduliwa 1979, kisasi kilishukia watu wa West Nile. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliua raia waliojificha kwenye misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Mzee mmoja wa Koboko aliniambia kwa Kiswahili chake cha jeshi: "Mimi nililala kwenu miaka sita. Nilikata kuni zenu." Alisema hivyo bila kucheka.

Nikamwomba aje kwenye kikundi. Alikuja, akakaa chini ya mwembe, akasema yale yale mbele ya vijana wa Koboko na wa kambini. Wengi wa Koboko hawakuwahi kuyasikia kwa wazazi wao. Yule msichana alimuuliza kama alinyang'anywa panga huko Zaire. Mzee akasema ndiyo, mara mbili, na mara ya pili mwenye shamba alimrudishia, na wakaanza kukata pamoja.

Safari inayofuata tunataka kwenda Vurra, vijana wa pande zote mbili, wakati wa mvua, kila mtu na jagi lake. Msichana amejiandikisha. Bado nauli.