Afriti wa kutumwa

Kijana wa Mafinga anayecheza Final Fantasy, mfululizo wa magemu ya Kijapani, hukutana na Ifrit: jitu la moto lenye pembe, linaloitwa vitani, likaunguza maadui na kutoweka. Wajapani waliliingiza kati ya viumbe wa kuitwa mwaka 1990, katika gemu la tatu; katika la 16, lililotoka 2023, ndilo kiini cha hadithi. Lakini kiumbe huyu si mgeni kwetu. Ni afriti, neno lililomo katika kamusi za Kiswahili.

Asili yake ni Kiarabu. Katika Kurani, sura ya An-Naml, afriti mmoja wa majini anajitolea kumletea Nabii Suleiman kiti cha enzi cha malkia wa Saba kabla Nabii hajainuka alipokaa. Kiumbe mwenye nguvu kuu, aliye tayari kutumika: mbegu ya gemu imo humo, pamoja na moto, maana majini waliumbwa kwa moto.

Kinachotusumbua ni kitenzi cha Kiswahili cha kueleza anachofanya mchezaji anapomleta afriti vitani. "Kuita" ni chepesi mno. Hata mtoto dukani huitwa. "Kupandisha" ni jini kumpanda mtu kichwani, na mchezaji hapandwi. "Kutambika", kunakojulikana sana huku Uheheni, ni kuwaomba wazee waliotangulia, na mzee haamrishwi. Nachagua cha pwani, "kutuma": huko adui humtumia mtu jini. Mchezaji naye humtuma afriti: humtoa, humwelekeza kwa adui, naye hutekeleza.